Upepo Mmoja, Pepo Nyingi

Binti yake fundi Mafabi alinipigia simu nikiwa nimebandika maziwa. "Mama Hadija," akasema, "baba ametutoka jana alasiri." Nikabaki nimeshika simu, maziwa yakapanda, yakamwagika, yakazima moto, wala sikujali. Sikulia pale pale. Kwanza nilicheka, Mungu anisamehe, maana kitu cha kwanza kilichonijia ni Mafabi akiwa kijana, amesimama hatua tatu kutoka kwenye gari, mikono ameiweka nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa sinia la wageni, akimwelekeza shangazi yangu kumimina maji ndani ya rejeta kwa glasi ya chai. Machozi yalikuja baadaye, nilipokuwa napangusa jiko. Habari za ukoo wetu na tulikotoka nawaachia wengine, wapo wanaozijua kuliko mimi. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, na ninachokijua vizuri ni mwaka mmoja tu, ule wa vita, nilipokuwa na miaka ishirini, na pikapu moja ya kijivu iliyokataa kuondoka Mbale.

Tuliikimbia Jinja na pikapu hiyo kabla vita havijafika daraja la kuingilia mji. Sisi Wanubi tulikuwa tumehesabiwa kuwa watu wa serikali iliyokuwa ikianguka, hata wale ambao hatukuwahi kuvaa kofia ya askari. Mzee Rehani, mume wa shangazi Mariamu, maisha yake yote aliuza samaki wakavu. Mbale tulipata chumba kimoja nyuma ya msikiti, chenye dirisha dogo lililotazama mlima Wanale. Mvua ikinyesha huko juu, maji yalishuka kwenye majabali kama nyuzi nyeupe, nami nilikuwa naacha kufua nikayatazama mpaka povu likakauka mikononi. Nilikuwa mwotaji, sifichi. Niliota nina cherehani yangu mwenyewe na mlango wa duka uliopakwa rangi ya samawati, na vita nikaviona kama mvua tu, vitu vya kupita. Chumba kilinuka tangawizi na mafuta ya taa. Mwenye nyumba alitupa malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyakausha kwa moshi, yamepikwa kwa karanga, na shangazi, ambaye siku ya kwanza alisema hawezi kula ukuni, siku ya tatu alikuwa anakwangua sufuria. Ukuta ulikuwa mwembamba. Jioni tulisikia majirani wakitujadili. "Hawa wa Jinja watakaa mpaka lini?" mmoja aliuliza, na mwingine akajibu, "Waache bwana, wanafagia uwanja vizuri." Shangazi alicheka mpaka akajifunga mtandio mdomoni. Kesho yake akanitoa alfajiri, tukaufagia uwanja mara mbili.

Askari walioshindwa walipoanza kupita Mbale wakichukua kila chenye magurudumu, Mzee Rehani aliirudisha pikapu ndani ya ua, akafungua maji yote ya rejeta na ya injini yakamwagika chini, akaitoa betri akaisukuma chini ya kitanda. "Gari bila maji ni kama ng'ombe mfu," alisema, "nani atakayejisumbua kumswaga?" Na kweli, walikuja wakaipiga teke, wakaondoka. Siku sita baadaye Mzee alijinyoosha baada ya sala ya adhuhuri, na chai ya alasiri ilipokuwa tayari hakuamka. Tulimzika Mbale, miongoni mwa watu waliomjua kwa miezi miwili. Shangazi akakaa eda yake katika chumba kile, miezi minne na siku kumi, amevaa nyeupe, anasuka kifuniko cha ukili ambacho alikifumua kila kilipokaribia kuisha. Nje dunia ikageuka. Watanzania waliingia, serikali ikabadilika, sukari ikapotea ikarudi ikapotea tena, nasi tuliyasikia yote hayo kupitia ukutani.

Eda ilipokwisha ndipo habari ya nyumba ikatufikia. Jirani wa zamani alituma mtu kutoka Jinja: kamati ya mtaa inaandika nyumba zote zilizoachwa, na ambayo mwenyewe hatakuwa amerudi kufikia Idi Kubwa itapewa waliopoteza zao. Nyumba ile shangazi na Mzee waliijenga kwa miaka kumi na mmoja, chumba baada ya chumba, na hakuwa na kitu kingine duniani. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kupanda nyuma ya lori, na malori ndiyo yaliyokuwa yakienda. Ilibaki pikapu. Kuendesha nilijua, Mzee mwenyewe alinifundisha kwenye barabara ya Budondo, akinifokea na kunipa njugu kwa zamu. Basi nikarudisha betri, nikachukua jerikeni la maji, nikaimba, nikamimina yote kwa mara moja. Pikapu ilikuwa imeinamia bondeni, pua chini, vile vile ilivyoachwa. Mimi nani aliniambia kwamba maji yana adabu zake? Nilijaza mpaka yakafika mdomoni, nikafunga kifuniko, nikajipigia makofi.

Tulipovuka kinamasi cha Namatala, mafunjo pande zote mbili, mshale wa joto ulipanda ukagota mwisho. Mvuke ukatoka chini ya boneti kwa mlio wa nyoka. Tulingoja chini ya mti wenye viota vya korongo mpaka ikapoa, nikaongeza maji ya kinamasi, tukageuka. Kurudi mjini, ambako ni karibu na njia yenyewe ni ya kwenda taratibu, ilirudi bila shida. Juma lililofuata tulijaribu tena, ikachemka karibu mahali pale pale, chini ya mti ule ule wa viota. Safari hii shangazi hakushuka hata kujinyoosha. Alikaa na mkono wake juu ya kiti changu, akatazama mbele, akasema polepole, "Kila tukitaka kuiacha Mbale." Hakumalizia.

Ndipo nikaipeleka pikapu kwa Mafabi. Alikuwa na gereji upande wa viwandani, yaani mti, mabati matatu na shimo, na alikuwa mtu wa miaka kama ishirini na sita, Mugisu mwenye masikio makubwa na sauti ya upole, mwenye Kiswahili cha kuokoteza kama sisi wengine tulivyookoteza Kilugwere na Kilumasaba, lugha za huko. Shangazi alikataa kushuka garini. Mafabi akainua boneti, akabonyeza mipira ya maji, akaweka sikio, akaja dirishani anajifuta mikono.

"Mama," akasema, "hii gali iko na pepo."

Shangazi akageuza shingo. "Nini?"

"Pepo. Kubwa sana. Imekaa juu kule kwa kichwa ya injini, inazuia maji kupita. Ndio maana inachemuka."

"Umeiona?"

"Pepo haionekani, mama. Inasikika. Zima gali, dada. Mama, weka sikio hapa." Akamwonyesha chini ya dashibodi, na shangazi, taratibu, akainamisha kichwa chake chenye mtandio mweupe. Ndani ya mabomba kitu kiligugumia, kikanyamaza, kikagugumia tena kama mtu mzima anayegeuka usingizini.

"Iliingia lini?" shangazi akauliza, na sauti yake haikuwa ile ninayoijua.

"Siku ile mulimwaga maji. Gali ikibaki kavu, inaingia."

"Siku ile," shangazi akasema.

"Eeh. Lakini si kitu, mama, tutaitoa. Saa moja tu, inatoka yote."

"Nani kakwambia nataka atoke?"

Mafabi akanitazama. Mimi nikatazama usukani. "Mama, isipotoka injini itakufa," akasema.

"Usimguse," shangazi akasema. "Hadija, washa gari."

Na hapo ndipo nilipokosea mimi, au nilipofanya vizuri, mpaka leo sijui. Maana nilielewa kabla hatujafika nyumbani. Alichokusudia fundi ni upepo, hewa iliyonaswa ndani ya maji. Lakini siku ile ya maji kumwagwa ilikuwa mwanzo wa juma lile la Mzee Rehani, na shangazi alikuwa ameshajijibu nani amekaa ndani ya pikapu na kwa nini haitaki kuivuka Namatala. Hakuogopa hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni wake hajaondoka bado, yumo chumba cha pili. Kesho yake alasiri nilimkuta ameketi ndani ya pikapu uani, upande wake wa abiria, na glasi mbili za chai juu ya dashibodi. Moja ameinywa. Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole, kuku wa mwenye nyumba akanipigia kelele.

Zilibaki siku tano kufika Idi. Usiku kupitia ukutani walisema, "Mama wa watu nyumba itakwenda," na, "Gari lina shetani, nimesikia kwa muuza mkaa." Nikaenda kwa Mafabi peke yangu, nikamkuta anakula ndizi za kuchoma, nikamwambia, "Fundi, wewe ulitaka kusema upepo."

"Nilisema."

"Ulisema pepo."

"Upepo ni moja," akasema, bila hasira, akihesabu kwa vidole vyenye grisi. "Ikiwa mingi, ni pepo. Fundi wangu Mukenya alinifunza hivyo. Na mule ndani, dada, ni mingi." Kisha akaniuliza, "Nani alijaza maji?" Nikasema mimi. "Gali ilisimama namna gani?" Nikamwonyesha kwa mkono, pua chini. "Na ulimwaga haraka haraka." Nikaitikia kwa kichwa. "Basi si pepo ya mutu mwingine," akasema, akacheka, "ni pepo yako."

Nilipomweleza juu ya glasi mbili za chai aliacha kucheka. Aliweka ndizi yake chini kwenye kipande cha gazeti. Akatazama juu, ambako Wanale ilikuwa imevaa wingu. Nimekuwa nikifikiri katika maisha yangu kwamba wapo watu wanaojua mengi na wapo wanaojua wakati wa kunyamaza, na Mafabi, ambaye hakuweza kuandika jina lake bila kutoa ulimi, alikuwa wa aina zote mbili. Mwishowe akasema, "Mimi sitamwambia kitu. Lakini mwambie hii: imebanwa. Haina pa kupumulia. Mutu akibanwa, unamufungulia, si kumufukuza." Nikarudi nyumbani nayo sentensi ile mdomoni kama mtu aliyebeba yai.

Nikamwambia shangazi akiwa anachambua mchele. Nikasema, "Fundi anasema hataki kumfukuza mtu. Anasema amebanwa mule ndani, hana pa kupumulia, na joto lile." Kila neno lilikuwa kweli, na bado nilihisi masikio yangu yanawaka. Shangazi aliendelea na mchele wake. Aliutoa mchanga, akautoa mtama, akapeta, akapeta tena.

"Rehani hakupenda joto," akasema mwishowe. "Usiku hata shuka hajifuniki. Mimi navuta, yeye anatupa." Akaweka ungo chini. "Lakini nitamfungulia mimi. Huyo kijana asiguse."

Ndivyo ilivyokuwa, asubuhi, mbele ya majirani wote wa nyuma ya ukuta, ambao ghafla walikuwa na nguo za kuanika. Mafabi alikuja, akanielekeza nipandishe pikapu kwenye mteremko, pua juu kuelekea mlimani, akaniwekesha mawe nyuma ya magurudumu. "Pepo inapenda kupanda," akaeleza, "sasa mudomo ya rejeta ndio iko juu kabisa. Itakuja yenyewe." Akaniambia nivute wenzo wa joto la ndani mpaka mwisho ili na mabomba ya dashibodi yafunguke, niondoe kifuniko cha rejeta wakati injini ni baridi, kisha niwashe, niiache iungurume polepole. Halafu akarudi hatua tatu, akaweka mikono nyuma. Shangazi alisimama juu ya kigoda, ndoo pembeni, glasi ya chai mkononi. Akasema bismillahi, akamimina.

"Pole pole, mama. Usimuharakishe."

"Namharakisha nani? Nimekaa naye miaka thelathini na miwili."

Maji yalisimama mdomoni, yakatetemeka. Injini ikapata joto. Kisha likaja povu moja dogo, likapasuka, maji yakashuka kidogo. Shangazi akaongeza. Likaja jingine, na jingine, na yeye akaanza kusema nayo kwa Kinubi, chini chini, mambo ya nyumbani tu: kwamba ukili wa Mbale ni mgumu, kwamba Hadija anachoma wali, kwamba yule wa duka la pili hakurudisha mizani. Kila povu lilijibiwa. Mafabi akasema ule mpira mnene wa juu ubonyezwe na kuachiwa, ubonyezwe na kuachiwa, na mimi nikasogea, lakini shangazi akanisukuma kwa kiwiko. Akaukunjia kitambaa, akaukanda kwa mikono miwili kama alivyokuwa akimkanda Mzee misuli ya miguu ilipomshika usiku. Majirani walikuwa wameacha kujifanya wanaanika. Hata kuku alitulia.

Kisha ndani ya injini kitu kikanguruma, maji yakazama yote mara moja mpaka mdomo wa rejeta ukawa mweusi, nikaona moyo wangu umezama nao. Na papo hapo likatoka povu moja kubwa kama yai la bata, likapiga kelele ya mtu aliyeshiba, likamrushia shangazi maji ya uvuguvugu usoni. Akasimama vile vile. Maji yalimtiririka mashavuni na hakuyafuta.

"Hiyo ndio ilikuwa bwana mukubwa," Mafabi akasema kwa sauti ndogo.

Shangazi akamimina glasi, na ya pili, na ya tatu, na ndoo ikakaribia kuisha. Maji hayakushuka tena. Yalikaa pale yakimetameta, yanaonyesha kipande cha mbingu. Alingoja. Tulingoja sote, kwa muda mrefu kuliko injini ilivyohitaji, na nilipokaa tena kwenye usukani, miguuni mwangu hewa ya moto ikaanza kuvuma, ile ambayo siku zote ilikuwa inatoka baridi, na Mafabi akanikonyeza kwamba ndiyo dalili. Lakini hakuna aliyemwambia shangazi kwamba kazi imekwisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeinua kifuniko, akakifuta kwa mtandio, akakifunga. Akashuka kigodani.

"Ametoka kwa heshima," akasema. "Hadija, funga mizigo."

Tuliondoka siku ile ile. Nimesafiri njia ile mara nyingi baadaye, imetiwa lami, imepanuliwa, lakini katika ndoto bado naiona ya vumbi jekundu, na mafunjo ya Namatala yanainama pande zote kama watu wanaotupisha. Kwenye mti wa viota sikuthubutu kupumua. Mshale ulikaa katikati, ukatulia kama mtu aliyepata kiti chake. Shangazi alikuwa amefumba macho. "Tumepita?" akauliza. "Tumepita," nikasema. Hakuyafumbua mpaka maili nyingine tatu. Kwenye kizuizi kimoja askari kijana wa Kitanzania alisogea dirishani, na mimi nikaganda, maana Kiswahili chetu miezi ile kilikuwa kimetuponza sokoni zaidi ya mara moja, watu wakikisikia wanasema hao ndio wenyewe, watu wa serikali iliyoanguka. Yeye akainama akasema, "Shikamoo mama, mnakwenda wapi?" Shangazi hakuwa ameamkiwa na mwenye bunduki tangu mwaka uanze. "Marahaba, mwanangu," akasema, na baada ya kufikiri, "Kwangu."

Jinja tulifika jua likiwa bado juu, zimebaki siku tatu kufika Idi. Kwenye baraza yetu aliketi katibu wa kamati na daftari magotini, na mlangoni alisimama mwanamke mgeni, mwembamba, mwiko mkononi, watoto watatu wamejificha nyuma ya gauni lake. Nyumba yao huko Buwenge ilikuwa imechomwa, na kamati iliwaweka pale kwa muda, tulikuja kujua. Ndani kulikuwa kunapikwa maharage. Katibu alitutazama, akatafuta kwa kidole.

"Nyumba hii ya Rehani," akasema. "Rehani mwenyewe yuko wapi? Anatakiwa yeye mwenyewe."

Nilifungua mdomo, nikitaka kusema lolote, yuko njiani, anaumwa, anakuja. Shangazi akanishika mkono.

"Amekufa," akasema. Tangu tumzike sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake. "Amekufa, nimemzika Mbale, na eda nimemaliza. Andika Mariamu."

Katibu akapiga mstari, akaandika, akauliza herufi, shangazi akasema aandike anavyoweza. Yule mwanamke wa mlangoni alitazama mwiko wake, akawatazama watoto, na nikaona anahesabu kichwani kilicho chake ndani na itachukua muda gani kukikusanya. Akasema kile ambacho mtu husema mlangoni akifikiwa.

"Karibuni," akasema, kisha akasikia alilolisema, akaziba mdomo.

Shangazi Mariamu alipanda ngazi zake mwenyewe kwa miguu yake iliyovimba, moja, halafu ya pili. Akavua viatu, akavipanga pembeni kama mgeni.

"Asante, mama," akasema. "Tumekaribia. Maharage yanatutosha sote, au niongeze mchele?"